Siku Tuliposali Nusu

Naikumbuka, mwanangu, Jumapili moja kule milimani Kilosa, na hadi leo nikiisimulia moyo unanienda mbio. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa. Yeremia, balozi wetu wa nyumba kumi, jirani tuliyekula naye sahani moja, ndiye aliyelitia moto ghala la bibi yangu kule kijiji cha zamani, ili Bibi asipate sababu ya kurudi. Mahindi ya mbegu yote yaliteketea. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Mwaka uliofuata mchungaji akatangaza kwamba Yeremia atatubu mbele ya kanisa, anaomba arudishiwe ushirika wa Meza ya Bwana aliokuwa amenyimwa. Sisi vijana wa kwaya damu ikatuchemka. Tukapatana: kwenye Sala ya Bwana, tukifika "kama tunavyowasamehe waliotukosea", tufunge midomo. Tuliona hiyo ndiyo haki, na tukawanong'oneza wengine.

Yeremia akapiga magoti mbele, kofia mkononi. Sala ikaanza. Kanisa zima likanguruma, "Utusamehe makosa yetu," halafu kimya. Hata wazee walikuwa wamenyamaza. Sauti moja tu iliendelea, ya Bibi, polepole, neno kwa neno, hadi amina.

Kisha akatugeukia.

"Mmeomba nusu," akasema. "Basi na msamaha wenu Mungu awape nusu. Nani hapa nusu itamtosha?"

Mimi jasho lilinitoka, na lilikuwa jasho la aibu.

Bibi akamwendea Yeremia, akamshika mkono, akamwinua. "Nimekusamehe, baba. Ila ghala sina. Kesho njoo na shoka."

Mwanangu, watu walicheka huku wanalia. Tukaianza sala upya, tukaisema yote, na ngoma zikapigwa siku ile mpaka mchungaji mwenyewe akasahau kutoa matangazo. Sijapata kuona furaha ya namna ile.

Kesho yake tulimkuta Yeremia ameshachimba mashimo ya nguzo, na gunia la mbegu ameliegemeza ukutani. Kwaya nzima tukabeba miti. Lakini mimi bado nilikuwa na donge, nikamwuliza Bibi, "Mungu alikuwa wapi siku ile ya moto?"

"Alikuwa anamwita Yeremia aache," akanijibu. "Yeremia akajitia uziwi. Leo kasikia, nawe unataka nimfukuze?"

Basi sikia, mwanangu. Ubaya ni ubaya, usiupake sukari. Aliyebomoa na ajenge, kwa mikono yake mwenyewe, na huko si kumwonea. Lakini anayerudi usimfungie mlango, kwa kuwa huruma ya Mungu haina mlango wa wema na mlango wa wabaya. Ni huo mmoja, na sote tunaupitia tumeinama.

Nenda salama. Mungu akulinde na ubaya wa watu, na akulinde zaidi na ule ulio ndani yako.