Karafuu ya Mume Wangu

Watu wa Dar es Salaam tuna baridi yetu, na tunaomba isidharauliwe. Inaingia mwezi wa sita, inaondoka mwezi wa nane, na katikati hapo ungeweza kumkuta mtu mzima asubuhi Mwananyamala kavaa sweta la mtumba lenye picha ya mlima wa theluji, chini kaptula na ndala, analalamika kwamba anakufa. Masweta hayo yalianza kuingia kwa marobota miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Sisi tuliyapokea kwa shukrani kubwa, joto la Desemba tukalisahau kabisa.

Mimi nilikuwa na kinga yangu ya baridi, chai ya viungo niliyofundishwa na bibi yangu mzaa mama, mwanamke wa Pwani aliyeamini kwamba majani ya chai peke yake ni maji machafu. Tangawizi mbichi unaiponda kinuni na maganda yake, maana anayekaa kumenya tangawizi hana kazi nyingine. Mchaichai unaufunga fundo. Kipande cha gome la mdalasini, punje chache za pilipili manga, hiliki zilizopasuliwa kidogo tu. Unachemsha mpaka jirani aulize unapika nini, ndipo unatia majani ya chai, kiduchu, kwa heshima tu. Karafuu ndizo zilizokuwa na utaratibu wake. Bibi hakujua kusoma wala hakuwa na kipimo, kwa hiyo alihesabu kwa watu: karafuu moja kwa kila mnywaji, na kila moja unaitaja inapoingia sufuriani. Hii ya babu, hii ya mjomba, hii yangu. Zikizidi, chai inakuwa chungu na ulimi unakufa ganzi. Siri nyingine hakuna.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu utaratibu huo nusura univunjie ndoa.

Mume wangu ni mtu wa milima ya Upareni. Ndoa yetu ilikuwa na mwaka wa pili, tunaishi katika chumba na sebule ya kupanga, na jiko langu la mkaa lilikuwa uani pamoja na majiko ya wapangaji wenzangu. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimempunguza. Neno zuri sana hilo, utadhani walimpunguza nywele. Akaanza kuuza mashati ya mtumba Buguruni, akaacha kwenda kwao, akaacha hata kuandika barua, na sababu hakumwambia mtu. Kwao wakaitafuta sababu wenyewe na wala hawakuchelewa kuipata. Sababu ilikuwa mke, tena wa Pwani.

Mama mkwe akateremka kutoka milimani mwezi wa saba. Alilitoa la moyoni kabla hajakaa. "Nimekuja kumfuata mwanangu. Nakaa wiki moja, halafu narudi naye." Nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza haikupokelewa. "Marahaba," akajibu, macho kayaelekeza darini. Kisha akatuona tulivyojitanda mashuka asubuhi ile, akauliza mgonjwa ni nani. Nilipomwambia ni baridi tu, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Baridi hii? Kwetu siku kama hii tunaanika mahindi."

Kesho yake nikaamka na nia njema, na nia njema ndiyo iliyoniponza. Nilichuchumaa jikoni, yeye kakaa kwenye kigoda nyuma yangu, ananitazama. Akaona nikiponda mizizi. Akaona gome. Akaona majani yaliyofungwa fundo. Halafu nikachukua karafuu, nikaanza kuhesabu kama nilivyofundishwa.

"Hii ya mume wangu. Hii yangu. Hii ya mama."

Nikageuka nimpe tabasamu la mkwe mwema. Alikuwa ameshasimama, kitenge kakikaza kiunoni, midomo kaifumba kabisa. Chai hakunywa. Alisema amefunga. Kesho yake pia alikuwa amefunga, na siku ya tatu vilevile, ingawa wali wa mchana haukumtatiza hata kidogo.

Hilo ningelivumilia. Lakini siku ya nne mume wangu naye aliacha kikombe chake mezani kimejaa. Akasema tumbo. Siku ya tano, tumbo tena. Mwanamume huyu nilimjua akila maandazi ya juzi bila kulalamika, leo tumbo lake limekuwa la mtoto mchanga. Nilikimwaga kikombe kile nje na moyo uliniuma sana, maana nilielewa kuwa kuna jambo limesemwa na yeye hakulikataa.

Aliyenifumbua macho ni mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele, ambaye hakuna habari iliyopita nyumba ile bila kupumzika kwake kwanza.

"Shoga, mama mkwe wako kaniuliza limbwata la huku linapikwaje."

"Limbwata?"

"Anasema kakuona kwa macho yake. Mizizi, magome, na mume unamtaja mbele ya sufuria. Nikamwambia mie sijui mambo hayo. Mie wangu si kakimbia?"

Nilicheka. Kisha nikakaa chini nikalia. Limbwata, dawa ile ambayo kila mtu wa bara anajua kwamba wanawake wa Pwani tunawalisha waume ili wasiuone mlango! Kama ningekuwa nalo, ningeanza na mabosi wa kiwanda.

Asubuhi ya siku ya sita begi la mume wangu lilikuwa sebuleni, limefungwa. Alilifunga mama yake. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni ya begi, anajitazama vidole vya miguu. Basi nikalileta jiko mpaka mlangoni ili wote waone vizuri. Nikaponda tangawizi kwa hasira, nikatia pilipili manga kwa hasira zaidi. Kisha nikahesabu karafuu kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Hii ya mume wangu!"

"Unaona?" Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Unasikia kwa masikio yako?"

"Mama, ni hesabu," nikasema. "Bibi yangu hakuwa na kijiko cha kupimia. Alihesabu watu. Na wewe yako imo humo, na kila siku nimekutaja. Mbona hujasahau njia ya kwenu?"

Nikamimina vikombe vitatu, nikavipanga mezani. Niliogopa. Nilijua kikombe kile kikibaki kimejaa, sina mume.

Mume wangu akakitazama kikombe, akalitazama begi. Kisha akakishika.

"Mama, sikuja nyumbani kwa sababu sina kazi. Kiwandani walinitoa tangu mwaka jana. Naona aibu kuja mikono mitupu. Huyu hajanilisha kitu ila chakula."

Akanywa chote, mfululizo. Ushujaa ule ulimtoka puani, kwa sababu pilipili manga niliyoitia ilikuwa ya kutosha harusi nzima. Alikohoa, akashika meza, machozi yakamtiririka. Sijawahi kumpenda mtu kiasi kile. Mama yake akalivuta begi, akaanza kutoa nguo za mwanawe moja moja na kuzikunja upya juu ya kiti. Alipomaliza alikivuta kikombe chake, akanywa kidogo, akasema sukari haitoshi.

Kesho yake alikuwa anarudi, peke yake. Kabla ya kuondoka aliniita uani.

"Nifungie ile chai yako nikanywe na baba mkwe wako."

Nilistaajabu, maana mambo ya baba mkwe niliyajua. Alikuwa amehamia kwa mke mdogo, huko tambarare, miaka mingi. Nikamwambia kwa upole, "Mama, ile ni chai tu. Karafuu ni za kuhesabia."

"Nimekuelewa. Wewe nifungie."

Nikachana ukurasa wa gazeti. Nikaweka tangawizi, mdalasini, hiliki na pilipili manga. Nikachukua karafuu moja, nikasema, "Hii ya baba."

"Moja?" Akanitazama kana kwamba sasa ndiyo nimethibitisha kuwa sijui kupika. "Mtu hajakanyaga kwangu mwaka wa nane, mwanangu. Weka tatu."

Ilikuwa mara ya kwanza aniite mwanangu. Nikaweka tatu, nikazitaja zote tatu kama alivyotaka, ingawa nilijua chai ile itakuwa chungu. Kisha nikachukua nyingine.

"Na hii yako, mama."

Akanizuia mkono.

"Yangu ya nini? Mimi sijawahi kuondoka."