Waliosema Hawajaanguka

Ndindi alikuwa karani wa rekodi katika hospitali moja mjini, na nyumba yake Kaloleni ilipakana na yangu ukuta kwa ukuta. Mwoga kama yeye sijaona: sufuria ikianguka kwangu, yeye ndiye anayepiga mayowe. Lakini mwaka wa tisini na sita alipata sababu ya haki ya kuogopa.

Daktari Nabwire alitaka kujua ni akina mama wangapi wazee wa Eastlands, upande wetu wa mji, wanaovunjika nyonga, ili akadirie watakaovunjika miaka ijayo. Ndindi akafunua madaftari ya wodi ya miaka mitatu. Penye umri, wenzake walikuwa wameandika "mtu mzima" basi, kana kwamba wa miaka ishirini na wa themanini ni pacha. Walioandikwa umri wa uzee akapata kumi na mmoja.

"Kumi na mmoja tu?" daktari akafurahi. "Basi mama zetu wana mifupa ya chuma."

Ndindi hakufurahi. Katika mstari wetu wa nyumba pekee aliwajua watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa daftarini. Sisi huku mzee akivunjika nyonga hapelekwi hospitali. Hupelekwa nyumbani mashambani, kwa sababu kusafirisha mgonjwa ni rahisi kuliko kusafirisha maiti. Tunasema anaenda kupumzika. Ni uongo, na wote tunajua.

Alipomweleza daktari, akaambiwa aulize nyumba kwa nyumba. Jumamosi mbili alizunguka na karatasi. Mama, umeanguka mwaka huu? Nyonga inakuuma? Wote wakajibu hapana. Nikamtania kwamba karatasi yake imeponya mtaa mzima.

Aliyebaki ni mamake mwenyewe, Kamene, aliyekaa naye na ambaye alimwita Mwaitu, yaani mama kwa lugha yao. Mgongo wake ulikuwa umepinda, na mwezi wa tatu mkono ulivunjika kwa kuinua ndoo tu. Ndindi alimwacha wa mwisho kwa kuogopa jibu.

"Mwaitu, umeanguka?"

"Sijaanguka mimi."

"Haya, simama nikuone."

Kamene hakusogea kitandani. Ndindi akafunua leso: mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, unyayo umegeukia nje. Nikasikia kilio, nikaingia mbio.

"Lini, Mwaitu?"

"Hii ni wiki ya tatu." Alikuwa akingoja twende kazini, ndipo ashike ukuta kwenda chooni.

Kisha akamkamata bintiye mkono wenye kalamu. "Usiniandike. Kakako Kyalo akisikia ataleta pikapu anipeleke nyumbani. Dada yangu alipelekwa hivyo hivyo. Hakumaliza mwezi."

"Hakuna pikapu, Mama. Unaenda hospitali," nikamwambia kwa ukali, maana nami niliogopa, nikamkimbilia Tobias mwenye teksi.

Niliporudi, Ndindi alikuwa akipitisha kidole juu ya karatasi: hapana, hapana, hapana.

"Triza," akaniuliza, "wangapi wamenidanganya?"

Nikakumbuka kwamba Nyanya Asenath wa mlango wa pili hajaonekana kanisani tangu Pasaka. Tulipokwisha kumweka Kamene garini, nilienda kubisha kwake. Akajibu kutoka ndani kwamba yuko sawa kabisa, nisijisumbue kuingia.