Mwigizaji Aliyegeuza Mgongo

Utomvu wa ndizi mbichi hauna harufu kali, lakini ukikaukia vidoleni na kukutana na moshi wa kuni zenye unyevu, unatoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine isipokuwa jikoni kwa mama. Nyumba yetu ya mianzi ilikuwa kilimani, nje kidogo ya Tukuyu, migomba imeizunguka mpaka chini mtoni. Ilikuwa miaka ya hamsini, msimu wa mvua, ile mvua ya kwetu isiyojua kuaga. Baba alikuwa Iringa kwenye mashamba ya tumbaku ya Wazungu na alirudi mara moja kwa mwaka. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi, hakuna aliyeandika. Leo wajukuu zangu hapa Mbeya wananiuliza kwa nini tukiangalia tamthilia za polisi na wezi kwenye televisheni mimi nasonya tu. Wanasema bibi hapendi kitu. Napenda sana. Shida ni kwamba nilimwona mwigizaji bora mapema mno, na tangu siku ile hawa wa kwenye kioo wananipa tabu.

Mwigizaji huyo alikuwa mama yangu, na aliyemwingiza mchezoni ni kaka yake, mjomba Gwamaka. Mjomba alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule Chunya. Wiki ile alikuja kwetu amejaa vumbi jekundu mpaka masikioni, akala, akalala, na asubuhi akaondoka kwenda Kyela. Kabla ya kuondoka alimpa mama kifundo cha kitambaa, kikubwa kama kidole gumba, kizito kuliko kilivyoonekana. Ndani mlikuwa na vumbi la dhahabu, ambalo alisema ameliokota kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa na kutupwa. Huenda ilikuwa kweli. Lakini siku zile mfanyakazi wa mgodi akikutwa na dhahabu mbichi alikwenda jela, na aliyemfichia alimfuata. Mama alikichomeka kifundo kwenye nyasi za paa, juu ya meko, akanitazama machoni kwa muda mrefu. Nikaelewa vizuri sana. Usiku nilikuwa nawaza nani atanipikia mama akifungwa.

Siku ya tatu, mchana, mbwa alibweka. Mama alikuwa amekaa barazani anamenya ndizi. Njiani walikuwa wanapanda watu wawili, askari mgeni aliyevaa kaki, anasukuma baiskeli, na mbele yake babu Ambokile, tarishi wa chifu, na tarabushi yake nyekundu. Babu Ambokile alikuwa mdogo wake baba yake baba. Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu mke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mwanamke huingia migombani na kujifunika mpaka mzee apite. Ndugu za baba mkwe nao ni wakwe vilevile. Tulikuwa watu wa kanisa, Jumapili hatukukosa, lakini mila hii wachungaji walipigana nayo mpaka wakachoka wao.

Mama aliingia ndani haraka. Nilimwona anapapasa nyasi juu ya meko, anakitoa kifundo, anageuka huku na huku kutafuta pa kukiweka, na mwisho anakitia kinywani. Shavu la kushoto likavimba. Akavuta kaniki yake juu ya kichwa na uso, akashika njia ya kwenda migombani kama mkwe yeyote mwenye adabu. Hapo askari akapiga kelele kutoka uani, "Asiondoke mtu hapa!" Mama akasimama. Kisha akarudi taratibu kwenye kigoda chake, akakaa ameugeuzia uani mgongo, akachukua kisu na kuendelea kumenya.

Mimi nilikuwa upande wake wa mbele, karibu na chungu kilichokuwa kwenye mafiga ya pale barazani. Kutoka uani walichokiona ni mgongo wa mwanamke mtulivu anayepika mbalaga, ndizi zetu za kila siku. Nilichokiona mimi, pale kaniki ilipoachana kidogo, ni jasho linalomchuruzika puani na macho yaliyotoka. Mikono ndiyo haikubadilika hata kidogo. Kisu kiliingia, ganda likafunguka, ndizi ikaanguka majini, akachukua nyingine, mwendo uleule wa kila siku. Wale waigizaji wa wajukuu zangu, wakificha kitu, utadhani wana homa: wanakodoa, wanameza mate, wanatazama dirisha mara tatu. Mama alijua kwamba anayefichwa siri ni yule anayetazama, na huyo alikuwa nyuma yake, basi mgongo ndio aliupa kazi yote.

Askari aliingia ndani akapindua vitanda, akamwaga mahindi, akachokoa nyasi za paa kwa fimbo, hasa pale juu ya meko. Masizi yakamwagikia kofia yake. Akatoka amekasirika, akanijia mimi kwa sababu nilijua Kiswahili cha shule.

"We mtoto. Mjomba wako ameacha nini hapa?"

"Hajaacha kitu, bwana."

"Hakuleta zawadi hata kidogo? Mtu ametoka Chunya mikono mitupu?"

 Nilihisi macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye shavu la mama. Nayazuia, yanakwenda. Naapa, kama angenikazia sekunde mbili zaidi ningelia na kusema kila kitu. Mara ganda la ndizi likanipiga usoni, paa, limejaa utomvu. Mama alikuwa amelirusha bila kugeuka, kisha akaonyesha chungu kwa kisu. Maji yalikuwa yanafurika na kuzima moto. Babu Ambokile akacheka. "Mama yako anakwambia chungu kinamwagika, we Subilaga, umekaa tu!" Nikakimbilia kuni, nikapuliza, na machozi niliyotoa yakawa ya moshi.

Lakini askari hakuwa mjinga. Alisimama, akautazama ule mgongo, akauliza, "Huyu mama kwa nini hasemi?"

"Ni mke wa mwanetu," babu akajibu. "Mbele yangu hawezi kusema."

"Mimi si mkwe wake. Mwambie afunue uso, aseme na mimi."

"Bwana askari, mila yetu haikubali. Akifunua uso mimi nikiwa hapa, ni aibu kwangu na kwake, na watu watanicheka mpaka kaburini."

"Basi wewe ondoka. Nenda kule mtoni ungoje."

Kisu cha mama kilisimama. Ni mara moja tu siku ile, na ni mimi peke yangu niliyeona. Babu akiondoka mila ingeondoka naye, na mama angebaki na askari, na kifundo mdomoni. Nilitazama miguu ya babu yenye viatu vya matairi, nikaanza kumwomba Mungu kwa Kinyakyusa, maana kwa Kiswahili sikujua kuomba.

Babu Ambokile alitazama mtoni. Akatazama mawingu yaliyoshuka kutoka mlima Rungwe. Kisha, polepole kuliko nilivyowahi kumwona mtu akifanya jambo, akakaa chini palepale uani, akamgeuzia mama mgongo. "Miguu imekataa," akasema. "Mjukuu wangu, hakuna maziwa?"

Nilimletea maziwa mgando kwenye kata, nikapiga magoti. Akanywa kidogo, akafuta mdomo, akaniuliza habari za shule. Akanywa kidogo tena. Akaanza kumweleza askari kuhusu ng'ombe wake mmoja mgonjwa, tangu siku aliyozaliwa. Migongo miwili, mmoja huku mwingine kule, na katikati yao askari anazunguka na kutazama anga. Matone makubwa ya kwanza yalipoanguka kwenye migomba, alifikiria baiskeli yake na tope la kurudi mjini, akatukana, akaondoka. Babu akamaliza maziwa, akanirudishia kata kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mjukuu," akamfuata bila kutazama nyuma.

Mama alikitema kifundo mvua ilipokuwa imekwisha kupamba moto. Kilikuwa na damu, maana alikuwa amekiuma. Mjomba Gwamaka alirudi baada ya wiki mbili, akakichukua, akaambiwa asilete tena upuuzi katika nyumba ya watu. Baadaye alinunua ng'ombe wawili. Mama hakuwahi kunywa maziwa yao.

Sijui mpaka leo kama babu Ambokile alijua. Hakuna wa kumuuliza, na mama hakuweza kumuuliza hata walipokuwa hai wote wawili, kwa sababu hawakuwahi kusemeshana maishani mwao. Nikiangalia tamthilia sasa, namtafuta mtu kama yeye, anayekaa tu na kunywa maziwa huku moyo wa mtazamaji unataka kupasuka. Simpati mara nyingi. Wengi wanaigiza hofu. Wale wawili waliigiza siku ya kawaida, na kuigiza siku ya kawaida wakati jela iko mlangoni ndiyo kazi.

Mama alifika uzeeni akaishi na mimi hapa Mbeya, na televisheni tuliiangalia pamoja. Siku moja alikuwapo mwanamke kwenye tamthilia, ameficha vito vya wizi, anajibu maswali ya polisi kwa maneno mengi. Mama alimtazama kidogo tu. "Huyu atakamatwa," akasema. "Anasema sana."

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza, baada ya miaka zaidi ya arobaini. "Mama, ile dhahabu ya mjomba. Babu alijua?"

Macho hakuyaondoa kwenye kioo, wala uso haukubadilika.

"Dhahabu gani?" akasema, akavuta khanga yake mpaka kwenye shavu la kushoto.