Disiki iliyolala kwenye majivu

Mama mmoja kutoka Ngungu alikaa kwenye benchi la ofisi yetu ya kuandikisha watoto waliopotea tangu asubuhi, akinitazama mgongo. Mtu akinitazama mgongoni nikifanya kazi huwa nakasirika, ila siku ile sikuwa na haki ya kukasirika. Binti yake wa miaka sita alimponyoka mkononi walipokimbia vita. Wasamaria wema walimwokota, wakamleta kwetu Masisi kuandikishwa, na familia fulani ikampokea. Familia ipi, kijiji kipi, kompyuta yangu ndiyo iliyojua, na kompyuta yangu ilikuwa imekufa siku tatu nyuma, jenereta iliporusha umeme na kuunguza disiki yake. Daftari za karatasi wanajeshi walikuwa wameshazichoma kupikia chai.

"Kaka, mutoto wangu iko mu ile mashini?" aliniuliza.

"Iko, mama. Ngoja kidogo."

Nilisema tu. Tulichobaki nacho kilikuwa disiki ya pili, nakala kamili ya ile iliyoungua, tuliyoificha ili wakija kupora kompyuta majina ya watoto yabaki. Nilipaswa kuinakili upya kila Jumamosi. Lakini kwa ubahili wangu wa mafuta ya jenereta nilikuwa nimeziruka Jumamosi nyingi, na sikukumbuka kama mtoto huyu aliandikwa kabla ya nakala ya mwisho au baada yake. Nilijichukia kimyakimya, mgongo ukiwa bado unatazamwa.

Mwenye kuificha disiki alikuwa mama mpishi wetu. Nilikuwa nimemwambia aiweke mbali na unyevu, basi. Akaenda jikoni, akarudi amebeba chungu kilichojaa majivu, akazamisha mkono, akaitoa.

Nikamuuliza, "Mama, majivu ya nini?"

"Mbegu ya maharagi tunachungaka mu majivu, mupaka musimu ya kupanda," akasema. "Si ulisema nichunge muzuri?"

Nilitoka nje kuwasha jenereta ili nisije nikamtolea maneno. Niliporudi, alikuwa ameipangusa vizuri kwa kitambaa chenye maji, akafuta na alama niliyoichora juu yake kwa wino, kisha akailaza mezani kando ya disiki tupu niliyoagiza Goma badala ya ile iliyoungua. Zote mbili zilikuwa kuukuu, za kampuni moja, zinafanana kama vikombe vya seti. Nikamuuliza ipi ni ipi. Akazitazama, akanitazama, akasema hakumbuki.

Na kimashine changu cha kunakilia disiki hakionyeshi kilichomo; kina tu upande wa kutoka na upande wa kwenda. Ukielekeza vibaya, utupu unayafunika majina, na hapo hata uwalilie wataalamu wote wa Goma hayarudi. Nikageuza moja, nikageuza nyingine. Huko vilimani mlio mmoja wa risasi ukasikika, kisha kimya. Mama wa Ngungu hakugeuza hata shingo. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku wanajeshi walipoingia ofisini, kwa sababu safari hii mwenye kuharibu ningekuwa mimi.

Kwenye vichwa vya skrubu za moja nikaona unga wa kijivu. Nikaukwangua kwa ukucha, nikaunusa. Ulinuka jiko. Nikaitia alama upya kabla sijapumua, nikaunganisha nyaya, nikahakikisha upande mara nne, nikabonyeza.

Ilichukua saa mbili. Kila jenereta ilipokohoa, roho iliniruka. Hatimaye nikaitia disiki ya Goma kwenye kompyuta, ikawaka na orodha ikafunguka. Nikalitafuta jina herufi kwa herufi. Lilikuwepo, la tatu kutoka mwisho: msichana, Ngungu, kovu kidevuni, amepokelewa na familia ya wakulima, kijiji cha Bihambwe, nyumba ya nyuma ya kanisa. Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi wa jenereta.

Nikamsomea mama wa Ngungu.

"Bihambwe nililala siku mbili nikikuja huku," akasema. "Niliogopa kuuliza watu."

Akainuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda mpaka mlangoni, kisha akasimama.

"Kaka, andika mu mashini: mama yake iko muzima. Na mu ile ya majivu, andika nayo."

Nikaandika, nikanakili, na siku hiyo mafuta sikuyaonea uchungu. Nilipochomoa disiki, mama mpishi alikuwa tayari ameshika chungu.