Wimbo niliochagua kujaribia headphones za mama

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri huu sijui kama humu nimebaki na wakubwa wengi.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja anayeuliza atumie nyimbo gani kupima headphones zake mpya. Wachangiaji wamemmwagia: weka hii usikie bass, weka ile usikie treble. Nilicheka, halafu nikanuna mpaka mke wangu akaniuliza kuna msiba gani kwenye simu.

Ninachosimulia hakina chumvi. Natamani kingekuwa nayo.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyansurura, Serengeti. Kijana, suruali bwaga, najiona najua kila kitu.

Baba yetu alikuwa mpiga ritungu. Kwa msiojua, ni chombo chetu Wakurya, kikubwa, cha nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe, sauti yake nzito. Hiyo bass mnayoitafuta kwenye simu, mzee alikuwa nayo kwenye vidole.

Siku moja kabla ya lori kuja kutuhamishia kijijini, niliazima radio kaseti ya mwalimu mwenzangu, mwenyewe akaja kunibonyezea, nikamrekodi mzee mlangoni kwake. Upande mmoja wa kaseti, kama nusu saa hivi. Aliwasifu ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao. Mwishoni akamtaja mama kwa jina, Bhoke, tena kwa mapenzi. Maishani mwangu sikuwahi kumsikia akifanya hivyo mbele ya watu.

Kesho yake ritungu lilitupwa kwenye lori, juu yake vikawekwa vitanda. Lilifika limepasuka. Mzee hakutengeneza jingine, na mwaka uliofuata alifariki.

Ile siku ya lori sijaisamehe mpaka leo. Lakini hiyo ni hasira nyingine, tuendelee.

Kaseti ikawa ya mama. Nilijikakamua nikapata radio kaseti yangu mwenyewe, ilipita mpakani Sirari, msiniulize ilivukaje. Kila Jumapili tukitoka kanisani nampigia.

Halafu mama akaugua homa kali, akapona, lakini masikio yakaziba. Ukimwita kwa sauti kubwa anaona mdomo tu unacheza.

Basi akawa anaweka kiganja juu ya spika, anasikiliza kwa mkono. Mtikisiko ukifika mahali fulani anasema, "Hapa ndipo ananitaja." Na hakuwa anakosea.

Mdogo wangu Chacha alikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Ikoma. Mgeni mmoja aliacha headphones chumbani, zikaishia kwa Chacha. Akaja nazo Jumapili moja, vumbi mpaka kwenye kope, na wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Zikimbana mama masikio sawasawa, na sauti ikapandishwa mpaka mwisho, huenda kitu kikapenya.

Betri zilikuwa hazipatikani madukani. Za kwangu nilikuwa nimezianika juu ya jiwe tangu asubuhi zipate nguvu kidogo.

Mama akaketi kwenye kigoda pembeni yetu, bado na khanga yake ya kanisani. Mikono imetulia magotini.

"Tujaribu kwanza," nikasema. Sikutaka avishwe kitu kibovu akavunjika moyo.

"Weka rumba," Chacha akasema. Alikuwa na kaseti yake ya muziki wa dansi mfukoni.

Nikamkatalia kwa ualimu wangu wote. Rumba ina vyombo vingi, utajuaje sikio lipi zima na lipi bovu? Jaribu kwa wimbo unaoujua kama njia ya kisimani. Mimi ritungu la baba nilikuwa najua kila uzi unalia wapi.

Hoja ile bado naiamini. Ndiyo inayoniuma.

Ubavuni mwa radio kulikuwa na matundu mawili, maandishi yake yamefutika. Nikachomeka kwenye la kwanza, nikabonyeza kupiga. Baba akaanza, lakini kwenye spika. Chacha, headphones kichwani, akatikisa kichwa.

Nikafikiri: hii mashine haijaambiwa ipeleke sauti kule. Kulikuwa na kitufe chekundu. Nikakibonyeza pamoja na kile cha kupigia.

Spika ikanyamaza.

Wakuu, nilifurahi. Nilimwambia Chacha sauti imeshahama, sasa inakwenda masikioni.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Subiri zipate moto."

Wazee wenzangu mtanielewa. Radio za taa za zamani ulikuwa unaziwasha, unasubiri zipate moto ndipo ziongee. Nikajua na hizi ni hivyo hivyo.

Tukasubiri. Tukabadilishana. Nikazipuliza, nikazigonga, nikamgombeza Chacha kwamba ameleta takataka za wazungu. Kaseti inazunguka. Mama akauliza kwa Kikurya, mara mbili, "Ameanza kuimba?" Nikamwonyesha kwa mkono asubiri.

Kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka.

Ndipo nikahamishia waya tundu la pili, nikarudisha kaseti mwanzo. Nikazivaa mwenyewe. Sikio la kushoto lilikuwa safi kabisa.

Baba aliimba maneno mawili matatu, akakatika. Halafu nikasikia, kwa mbali kama mtu yuko ndani ya mtungi: "Unasikia?" "Sisikii."

Kumbe kile kitufe chekundu ni cha kurekodi, na headphones ukizichomeka kwenye tundu la maikrofoni zinakuwa maikrofoni. Nusu saa nzima tulikuwa tunamfuta mzee na kujirekodi sisi.

Nilibaki nazo kichwani. Mama alidhani ninamsikiliza baba, akanyoosha mikono apewe. Sikuweza kumnyima. Nilimvisha, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Na alisikia, wakuu. Wazo la Chacha lilikuwa sahihi. Uso ukafunguka, akasema, "Mbona ni nyinyi?" Akasikiliza tena. "Baba yenu yuko wapi?"

Chacha alitoka nje. Maisha yake yote alikuwa na neno moja kwangu, hata siku tunamzika mama alilirudia: "Nilikwambia rumba." Sasa naye hayupo.

Jumapili iliyofuata mama aliweka kiganja chake juu ya spika kama kawaida. Niliona aibu kumpigia tena zile sauti zetu, nikampigia ile rumba ya Chacha. Hakuchukua muda, akaondoa mkono.

"Huyu simjui," akasema.

Mgongoni mwa kaseti kulikuwa na vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, kaseti hairekodiwi tena juu yake. Kazi ya sekunde moja, na nilikuja kuijua miaka baadaye.

Kijana wa headphones, jaribu kwa wimbo unaoujua, nakubaliana na wote waliokushauri. Ila iwe nakala. Na ninyi wengine, tajeni nyimbo zenu hapa chini, lakini kila mmoja aanze kwa kusema anazo nakala ngapi.