Mlimau wa Dida na Ufalme wa Akko

Kahawa ya kwetu Waborana haisagwi. Buni hukaangwa nzima na maganda yake ndani ya samli, zikapasuka moja moja, kisha humiminiwa maziwa, na harufu yake hutoka nje kuwaita majirani kabla mwenye nyumba hajafungua mdomo. Siku hizi ninaishi Chechelesi, mjini Isiolo, na ninapikia gesi. Hata hivyo, samli ikianza kulia sufuriani mimi huwa nimesharudi Rapsu, kwenye nyumba ya udongo kando ya mfereji, mama akichochea moto na sisi sote tukimtazama bibi yetu kama watu wanaosubiri hukumu. Huo ndio msimu ambao familia yetu ilimwasi Akko. Nilikuwa darasa la nne, na sijawahi kuwa na raha kama ile, ingawa watu wazima walikuwa wamenuniana.

Akko ndivyo tunavyomwita bibi. Akko wetu, mama yake baba, alikuwa mjane mwenye biashara ya maziwa na mbuzi, na ulimi wake uliogopwa soko zima. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba, wa kwake wachache walibaki upande wa Kipsing na mchungaji wa kuajiriwa. Ni yeye aliyeamua twende Rapsu kulima shamba la kumwagilia. Hakutuuliza. Alitupa majembe mawili, gunia la mbegu na ng'ombe mmoja wa kukama, kwa masharti ya desturi yetu: maziwa ni yenu, ndama ni wangu. "Mtalima mpaka mvua irudi," alimwambia baba, "halafu mtarudi kuwa watu." Kwa Akko, kulima kulikuwa kama kulazwa hospitali. Mtu haendi kwa kupenda, na akipona anatoka.

Sisi tulipona tukakataa kutoka. Mimi niliyezoea maji ya jerikani niliona maji yakija yenyewe mpaka miguuni mwangu. Nilikula nyanya zikiwa bado na joto la jua, nikawafukuza nyani waliotuibia mahindi, nikarudi nyumbani na tope hadi magotini, na hakuna aliyenigombeza. Baba, aliyekuja akilalamika, alianza kuamka kabla ya adhana ili akavitazame vitunguu vyake. Mama alisema anavisalimia zaidi kuliko anavyomsalimia yeye.

Maagizo yalikuja na Hassan, dereva wa lori lililobeba mavuno yetu kwenda mjini. Hassan aliketi, akanywa chai, kisha akainua kidevu na kusema kwa sauti ya Akko mwenyewe. Akko anasema mpande mahindi, si vitunguu. Akko anasema hizo nyanya za juzi zilikuwa ndogo. Akko anasema msiweke mabati, mabati ya nini na mnarudi? Na Akko mwenyewe hakuwa amekanyaga Rapsu hata mara moja. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mama alikuwa akisema lori likishatoka. Mwanzoni baba alimtetea mama yake. Mavuno ya pili alinyamaza tu, akapanda vitunguu.

Mwalimu wetu, Mmeru mmoja mpole aliyependa historia kuliko chakula, alitusimulia siku moja habari za walowezi waliovuka bahari zamani, wakakaa nchi ya mbali chini ya mfalme wao. Mfalme hakuwahi kuiona nchi ile, lakini aliwaamulia kila kitu na kuwatoza kodi mpaka kwenye chai, nao wakanung'unika mwaka baada ya mwaka hadi wakamwambia basi. Niliuliza je, wenyeji wa nchi ile walisemaje. Mwalimu akasema hilo ni somo lingine, tena kubwa zaidi, akafuta ubao. Jioni hiyo nilitangaza mbele ya watu wote, "Kumbe Akko ni mfalme, na sisi ndio walowezi!" Baba alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mama aliniziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Hassan alikuwa ameketi pale pale, na Hassan hakuwahi kuacha mzigo njiani.

Kisha mvua ikanyesha Kipsing, na agizo tuliloliogopa likafika: mvune mrudi, Wario aende kwa ng'ombe. Wario ni baba yangu. Nililia nyuma ya nyumba. Wiki hiyo hiyo ndugu yangu Dida akazaliwa, na mambo yakaharibika kabisa. Kwetu mtoto akizaliwa, baba yake humpa handura, maana yake kitovu: ndama jike ambaye kundi la mtoto litatoka kwake. Baba hakuwa na hata kwato moja aliyoweza kuiita yake. Wazee wa jirani walikuwa wamekaa wakingoja atamke jina la mnyama. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mche wa mlimau alioununua kwa mkulima mwenzake, akaupanda kando ya mfereji na kusema, "Hii ndiyo handura ya Dida." Mtu mmoja alicheka. Mzee mmoja akasema astaghfirullah. Tangu lini kitovu cha Mborana kikawa na mizizi? Lakini kila mtu pale alielewa. Anayepanda mti wa miaka hana haja ya kufunga mizigo.

Akko alikuja na lori lililofuata, amekaa mbele, fimbo mkononi. Alitoa salaam aleikum, akaitikiwa, mama akamtandikia mkeka. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mche, uliokuwa haujafika hata goti lake.

"Wario, hii ndiyo umepatia mtoto wetu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kitovu ni ng'ombe. Hii, ukihama, itakufuata?"

"Hatuhami, Mama. Ng'ombe zote ni zako, na tunashukuru. Lakini hii mti ni yangu."

Sikuwahi kumsikia baba akimjibu mama yake. Mama, kwa kukosa la kufanya, akaweka samli motoni na kuanza kukaanga buni, na hapo ndipo sote tulipojua mambo yataamuliwa wapi. Buna, ndiyo kahawa hiyo ya samli, huonjwa kwanza na mkubwa, naye ndiye huibariki nyumba. Mkubwa akiikataa, nyumba hiyo haina baraka, na baba asingekaa Rapsu bila baraka ya mama yake. Angefunga mizigo.

Akko alizunguka shamba peke yake. Aliviinamia vitunguu. Kisha akavua viatu, akaingia mferejini, akasimama humo, mwanamke aliyebeba maji mgongoni tangu usichana wake.

"Hii maji inasimama saa ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Haisimami, Mama," baba alijibu.

Aliporudi ndani, macho yake yalinitafuta mimi. "Nasikia mimi ni mfalme." Nilitamani ardhi inimeze. "Sasa mfalme hapewi buna?" Mama akampa bakuli kwa mikono miwili. Akko akaonja, akaomba amani ya watu na amani ya mifugo, nasi tukaitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Akachovya kidole kwenye samli ya buna, akampaka Dida kipajini. "Ndama wa hii ng'ombe ni yake," alisema. "Itakaa hapa na yeye." Halafu akatoka nje, nasi nyuma yake. Akainama kwa shida, akaipaka samli iliyobaki kwenye shina la mlimau. "Mmoja atembee," alisema, "na mmoja akae." Baba aligeuka akajifanya anatazama mfereji. Na ili tusidhani ameshindwa, Akko akaongeza akipanda lori: "Lakini mwaka ujao, mahindi!" Baba alipanda vitunguu.

Akko amelala makaburini miaka mingi sasa, na nyumba yake ya Chechelesi ndiyo ninayokaa. Uzao wa yule ndama uliisha katika ukame mwingine. Mlimau upo, umelipita paa la mabati, na Dida ana wanawe wanaoukwea. Zamani neno lilisafiri siku nzima kwenye lori, likafika likiwa na kidevu cha Hassan. Leo nabonyeza simu tu. Dida, umepogoa mlimau? Dida, uza vitunguu mapema. "Sawa, Mfalme," ananijibu, nasikia watoto wakicheka nyuma yake, kisha anafanya atakavyo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nacheka nao.

Nimegundua pia kwamba nikiagiza malimau, hayaji. Nikinyamaza, gunia linafika mlangoni, bado lina tope la mfereji. Nadhani Akko alilijua hilo tangu aliposimama majini, kwa maana lile la mahindi ndilo lilikuwa agizo lake la mwisho. Hakututumia neno tena, na kila mavuno, mpaka alipofariki, vitunguu vyetu vya kwanza vilikuwa vyake.