Mizinga ya Fortunatus

Fortunatus wa Zombo ukimsalimia asubuhi, hujiuliza unataka nini. Shamba lake la ufuta alililima peke yake, na mkutano wa kijiji hakuukanyaga. Basi siku jirani yake Octavian alipomwita "idiot" pale dukani, hakukasirika, alimshuku. Mtu aliyezoea kutukana kwa Kiswahili akihamia Kizungu, ana lake jambo.

Akapanda bodaboda mpaka Kilosa, kwa mpwa wake Costancia, mwalimu wa sekondari. Costancia akampa shikamoo na chai, akamweleza kuwa neno hilo lilizaliwa kwa Wagiriki wa kale, wala halikuwa tusi. Lilimtaja mtu wa mambo yake binafsi, asiyeshika shughuli za mji. Baadaye likawa la mtu asiye na ujuzi. Likapita kwa Walatini na Wafaransa likichakaa, na lilipotua kwa Waingereza likawa mpumbavu.

"Mimi ni yule wa kwanza," Fortunatus akasema, kifua mbele.

"Mjomba, Alhamisi mnapitisha njia ya ng'ombe. Asiyefika mkutanoni huhesabiwa amekubali. Shamba lako liko wapi?"

Fortunatus akakitua kikombe. Akamuuliza nani amemtuma.

Alhamisi alikwenda, akakaa nyuma kabisa, pa kukimbilia. Kweli, njia ilikata ufuta wake katikati. Wakulima wenzake, Octavian akiwemo, hawakuipinga, maana mashamba yao yalipona. Kitashu, mfugaji aliyeiomba njia, akampa shikamoo. Fortunatus akaitika marahaba nusu, nusu akaibakiza.

Lilikuwepo neno la kuliokoa shamba, ila kwa kuogopa wezi hakuwahi kumwambia hata mkewe. Mikono ilianza kunyooshwa. Akasimama.

"Mwisho wa ufuta nina mizinga ya nyuki. Ng'ombe wakipita pale, msinililie mimi."

Kitashu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa njia ile. Ng'ombe wakishambuliwa na nyuki, alisema, utawaokotea mbugani Mikumi. Njia ikahamishiwa kando ya korongo, ufuta ukapona.

Mkutano ulipovunjika, watu wasiomsalimia siku zote walimzunguka kwa tabasamu. Kitashu akasema kwao kuna sherehe, na wazee wake hawagusi pombe isiyo ya asali.

"Mzee, hiyo mizinga hasa iko upande gani?"

"Upande wa nyuki," Fortunatus akajibu, akarudi kwake kwa njia ya mzunguko, akigeuka nyuma kila penye kichaka.